Kuchelewa na Kuzunguka: Hotuba kwa Familia Kuhusu Ugonjwa wa Lyme

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa familia zetu zinazozungumza Kiswahili huku kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wengi walikuwa zamu ya kazi wakaomba niiweke nzima. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo?

Nianze na swali. Nani hapa amekulia kwenye boma lenye ng'ombe? Naona mikono, tena mingi. Basi kupe mnamjua. Mnajua ndigana, mnajua josho, mnajua kupe aliyeshiba anavyoning'inia kwenye sikio la ndama. Na kwa sababu mnamjua, mnamdharau. Kupe ni shida ya mfugo, mtu mzima ashtuke kwa sababu ya kupe?

Kupe wa huku anataka heshima nyingine. Huyu mwenye miguu myeusi, anayebeba ugonjwa wa Lyme, yaani maambukizi ya bakteria yanayoweza kushika ngozi, viungo, neva, hata moyo, huambukiza watu zaidi akiwa bado mchanga, kuanzia Mei hadi Julai, na wakati huo ukubwa wake ni kama mbegu ya mchicha. Hawashi, haumi kwa namna ya kukushtua. Anajibanza nyuma ya goti, kinenani, kwapani, nyuma ya sikio, ndani ya nywele za mtoto, na anakaa hapo siku mbili tatu akinyonya. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 ndipo akuambukize. Kwa hiyo ukaguzi wa jioni, mtoto akitoka kucheza kwenye majani, ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote nitakazozitaja leo. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha safisha mahali hapo kwa spiriti au sabuni. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta. Najua bibi alifanya hivyo. Usifanye.

Mimi si daktari. Ni mkalimani wa hospitali; kazi yangu ni kukaa kwenye kile kiti cha katikati, kati ya daktari na familia. Nitakayosema kuhusu tiba ndiyo yaliyomo kwenye miongozo ya madaktari wa Marekani, lakini dozi ya mtoto wako ataiandika daktari wa mtoto wako. Na familia nitakazozisimulia nimezibadilisha na kuzichanganya, kwa hiyo msiangalie mlioketi nao.

Kukaa kwenye kiti kile kumenifundisha jambo moja, nalo ndilo nililokuja nalo. Dawa ya Lyme, kwa wengi, ni vidonge vya kawaida vya siku chache. Ugonjwa huu haufilisi nyumba kwa dawa. Unafilisi nyumba kwa kuchelewa, na unafilisi nyumba kwa kuzunguka, yaani kuhangaika toka daktari hadi daktari, toka kipimo hadi kipimo. Kuchelewa na kuzunguka. Mkisahau mengine yote, hayo mawili nendeni nayo.

Sasa niwape habari ya mama mmoja ambaye hakuchelewa wala hakunyamaza. Huyu ni mtu wa historia, jina lake naweza kulitaja: Polly Murray. Aliishi eneo la Lyme, jimbo la Connecticut. Watoto wake walikuwa wakitokwa na upele, wakivimba magoti, wakipona, wakivimba tena. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa miaka mingi. Alizunguka kwa madaktari na hakupata jibu. Akafanya nini? Akaandika. Nani ameugua, lini, wapi panauma, upele ulikuwaje. Akauliza majirani, akakuta watoto wengine wana magoti yaleyale. Mwaka 1975 akapeleka orodha yake kwa idara ya afya ya jimbo. Mama mwingine wa eneo hilohilo, Judith Mensch, naye akawapigia simu kuhusu binti yake. Daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaanza uchunguzi, na ripoti iliyotoka mwaka 1977 ilieleza wagonjwa 51 katika miji mitatu iliyo jirani. Kati yao, 39 walikuwa watoto. Mwaka 1981 mtaalamu Willy Burgdorfer akaona bakteria ndani ya kupe, na leo bakteria huyo anaitwa Borrelia burgdorferi.

Mnaona mpangilio wake? Mama alitangulia, darubini ikafuata. Na mama alikuwa na silaha gani? Kalamu!

Nimeona daktari akibadilisha uamuzi wake kwa sababu ya picha moja kwenye simu ya baba. Basi wekeni daftari, au tumieni simu. Andika tarehe uliyomtoa kupe na unadhani alikaa muda gani. Piga picha ya kupe. Likitokea baka, yaani ile alama ya Lyme kwenye ngozi, lipige picha kila siku mahali penye mwanga wa kutosha. Homa ilianza lini, goti lipi, mtoto amekosa siku ngapi za shule. Daktari ana dakika chache na wewe. Usimpe dakika hizo azitumie kuuliza tarehe.

Na hapa niingize neno la kazi yangu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, na hizo ni karibu zote, zina wajibu wa kukupa mkalimani bure. Bure! Omba unapopanga miadi, siyo unapofika. Na usimfanye mtoto wako wa miaka kumi na mmoja kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake. Atakuficha mabaya ili usilie. Nimewaona wakifanya hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa watu wetu ni zito kuliko mengine, na nitakaa hapo kidogo. Ngozi.

Kila bango la Lyme mtakaloliona kliniki lina picha ileile: mgongo wa mzungu, na juu yake duara jekundu lenye kiini katikati. Sasa niambieni, ni ngozi ya nani hapa itakayotoa picha hiyo?

Kulikuwa na kijana wa miaka tisa. Mama yake alipokuwa akimwogesha aliona alama kwenye paja, imeiva rangi ya zambarau, kama mtu aliyevilia damu. Akamuuliza, umeanguka? Mtoto akasema ndiyo. Mtoto anayecheza mpira kila siku, ameanguka mara ngapi wiki hiyo? Bila shaka ameanguka. Alama ikapanuka, ikafifia, ikaondoka. Katikati kulikuwa na homa ya siku mbili na uchovu, wakasema ni mafua ya kiangazi. Miezi ikapita. Asubuhi moja goti limejaa kama limetiwa maji, hawezi kulikunja, ila haliumi sana kama linavyoonekana. Walipofika hospitali wakafikiria limevunjika, wakapiga eksirei, wakatoa maji gotini, wakaita mtaalamu wa mifupa. Jibu likaja: Lyme. Kitu ambacho kingemalizwa kwa vidonge vya siku kumi kilitaka vidonge vya siku 28, na eksirei, na mtaalamu, na baba kukosa zamu.

Je, mama yule alizembea? Hapana. Mama yule alitazama kwa macho aliyopewa na bango. Watafiti wa Marekani wameshaona mara kadhaa kwamba Wamarekani weusi wenye Lyme hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye viungo au neva mara nyingi zaidi kuliko weupe. Sababu mojawapo ni hiyo: baka halikuonekana, au lilionekana likaitwa kitu kingine.

Basi sikilizeni jinsi ya kulitazama kwenye ngozi yetu. Hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa, mara nyingi karibu siku ya saba. Linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea kuliko ngozi yenyewe, au kama damu iliyovilia. Siyo lazima liwe na duara ndani ya duara. Mara nyingi haliwashi wala haliumi. Liguse, linaweza kuwa na joto kidogo. Na jambo kubwa kuliko rangi ni hili: linatanuka. Kale kauvimbe kanakotokea siku ileile ya kung'atwa na kupotea baada ya siku moja mbili si Lyme, ni ngozi inalalamika tu. Hili letu linazidi sentimita 5 na linaendelea. Chukua kalamu ya wino, chora ukingo wake leo, kesho tazama kama limeuvuka mstari. Kama limevuka, mpigie daktari siku hiyo, na umwambie waziwazi: tunaishi penye kupe, alama hii inakua, nataka tufikirie Lyme.

Kuna familia zisizoona baka kabisa. Inakadiriwa kuwa baka hutokea kwa watu 70 hadi 80 kati ya 100. Waliobaki huja na goti lililovimba, au upande mmoja wa uso uliolegea, au moyo. Na hapo nisimumunye maneno: mtoto akizimia, akilalamika moyo unapigapiga au kifua kinabana, au akiwa na kichwa kinachouma vikali na shingo imekakamaa, usinipigie mimi, usimpigie mchungaji kwanza. Ni chumba cha dharura, sasa hivi. Lyme ikigusa moyo inaweza kuua. Si kawaida, lakini hutibika vizuri ikiwahiwa.

Tuje kwenye kipimo cha damu, ambako kuchelewa na kuzunguka hukutana. Baba mmoja, mtu makini, binti yake ana baka linalokua, siku ya nne. Daktari kaliona, kaandika dawa. Baba akasema hapana, mimi sitamlisha mtoto dawa bila kipimo. Wakapima. Majibu yakarudi: hakuna. Baba akafurahi, akaweka dawa kabatini. Nilikuwa kwenye kiti changu aliporudi wiki kadhaa baadaye, uso wa binti umelegea upande mmoja.

Kilichotokea ni nini? Kipimo cha kawaida hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza dhidi yake, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufika idadi ya kuonekana. Ukipima mapema mno, unapata jibu la "hakuna" wakati ugonjwa upo. Ndiyo maana kama baka lipo na mtu anaishi penye kupe hawa, miongozo inasema atibiwe kwa macho ya daktari, bila kungoja damu. Hapo kipimo ni hela imetupwa.

Na kosa la upande wa pili ni lile la kupimwa tena na tena. Ukishapona, kingamwili zinaweza kubaki miezi, hata miaka. Kipimo kikisema "zipo", hakisemi kwamba bado unaumwa. Hakuna haja ya kupima damu ili kujua kama dawa imefanya kazi. Tazama mtoto: anakimbia?

Dawa nitazipitia haraka, maana daktari atawaeleza. Kwa baka la mwanzo ni doksisaiklini siku 10, au amoksilini siku 14. Wazazi wengi waliambiwa zamani kwamba doksisaiklini inaharibu meno ya mtoto aliye chini ya miaka minane. Madaktari wa watoto wa Marekani sasa wanakubali itumike kwa muda usiozidi siku 21 kwa umri wowote, kwa hiyo usikatae bila kuuliza. Aliyekunywa doksisaiklini ajikinge na jua. Siku ya kwanza ya dawa, baadhi ya wagonjwa huzidiwa na homa na maumivu kwa muda mfupi. Usiache dawa kwa sababu hiyo, piga simu uulize. Na kama umemtoa kupe wa aina hii aliyekaa saa 36 au zaidi, na saa 72 hazijapita tangu umtoe, muulize daktari kuhusu dozi moja tu ya kinga. Hiyo ndiyo simu ya haraka yenye faida kubwa.

Sasa naomba utulivu, kwa sababu kuna watu humu ninaowajua wanaumwa na jambo ninalotaka kusema.

Kuna watu wanaomaliza dawa na bado wamechoka. Viungo vinauma, akili nzito, usingizi haushibi. Inakadiriwa ni kama watu 5 hadi 10 kati ya 100 waliotibiwa. Hali hii ni ya kweli. Asiyeamini mgonjwa wake anamwongezea ugonjwa. Lakini mgonjwa asiyeaminiwa hufanya nini? Huzunguka. Na kwenye kuzunguka kwake hukutana na mtu anayemwamini sana, kwa malipo ya taslimu.

Dada mmoja alifika kwa mtu wa namna hiyo. Alipimwa mkojo kwa kipimo ambacho bima ilikataa kukilipia, na ilikataa kwa sababu hakijathibitishwa. Akaambiwa ana Lyme sugu, akawekewa mrija kwenye mshipa wa kifua, dawa ikaingia miezi. Kilichompeleka hospitali hatimaye hakikuwa Lyme. Mrija ulipata maambukizi, yakaingia kwenye damu. Majaribio ya kitabibu, ya Marekani na ya Uholanzi, yalishawapa wagonjwa wa namna hii antibayotiki za muda mrefu, na hazikuwasaidia kuliko waliopewa dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, cha kulinganishia tu, kiasi cha kustahili hatari zake. Kuna madaktari wanaopinga hilo, na majimbo machache yametunga sheria kuhusu bima kulipia tiba hizo ndefu, kwa hiyo mtasikia sauti mbili. Mimi nawaambia nilichokiona nikiwa katikati: yule dada alihitaji daktari mmoja wa kukaa naye, achunguze tezi yake ya shingo, damu yake, usingizi wake, moyo wake uliovunjika, na magonjwa mengine ya kupe ambayo hayasikii dawa ya Lyme. Ukitaka maoni ya pili, yatafute kwa mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza aliye kwenye orodha ya madaktari wa bima yako. Akikwambia ulipe taslimu kabla ya kukutazama, ondoka.

Hela. Najua wengine mlikuja kwa ajili ya sehemu hii tu.

Watafiti wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, waliwafuatilia wagonjwa wa Lyme wa miaka 2014 hadi 2016. Wastani wa gharama kwa mgonjwa mwenyewe ulikuwa karibu dola 1,200. Mtu anaogopa. Lakini sikilizeni: nusu yao hawakufika dola 250. Wastani ulipandishwa na wachache walioumia sana. Na ukihesabu gharama zote kwa jamii, waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umeenea mwilini au haujathibitishwa kikamilifu waligharimu karibu mara mbili ya waliogunduliwa na baka peke yake. Mnaona sasa kwa nini naimba kuchelewa na kuzunguka?

Bahasha zikifika, usizitupe droo ya jikoni. Ile karatasi ya bima iliyoandikwa kwamba si bili, kweli si bili. Usiilipe. Inakwambia bima imekubali nini na imekataa nini. Bili ya hospitali ikija, zilinganishe. Hazilingani? Omba bili yenye mchanganuo, kila kitu na bei yake. Bima imekataa? Kwa bima nyingi za binafsi una siku 180 za kukata rufaa kwao wenyewe, na wakikataa tena una miezi minne ya kuomba mtu wa nje aamue. Ambatanisha barua ya daktari na lile daftari lako. Wengi wanaokataliwa hawakati rufaa kabisa, na kampuni zinalijua hilo.

Huna bima? Mtoto kwanza: uliza kuhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na CHIP, bima ya serikali kwa watoto, maana mtoto anaweza kustahili hata kama wewe hustahili. Kliniki za jamii zinazofadhiliwa na serikali kuu hutoza kulingana na kipato. Na kabla ya miadi una haki ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kulipinga jambo hilo rasmi, na una siku 120.

Sasa familia ya mwisho. Bili ya chumba cha dharura iliwafikia, wakaogopa, baba akailipa yote kwa kadi ya mkopo yenye riba. Watu waaminifu, hawataki deni. Nyuma ya bili ileile, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kuhusu msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za kibiashara, na nyingi ziko hivyo, zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa msaada, na unaweza kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Ukikubaliwa baada ya kulipa, zinarudisha ulichozidisha. Familia ile iliomba ikiwa imechelewa kwa miezi, lakini ndani ya siku hizo. Ikarudishiwa sehemu kubwa. Riba ya kadi haikurudi.

Kwa wazazi wanaofanya kazi kampuni yenye watu 50 au zaidi, ambao wamemaliza mwaka na saa 1,250, sheria inawapa hadi wiki 12 za ruhusa isiyo na malipo kumuuguza mtoto bila kupoteza kazi. Na mtoto aliyerudi shule bado amechoka, iandikieni shule barua mkiomba mpango wa kumpunguzia mzigo. Semeni kwa maandishi, na mbaki na nakala.

Nimezungumza sana, na naona wale wa mlangoni wameshaanza kuvaa makoti. Maswali tutayachukua sasa, ya jumla tu, siyo ya mtoto wako mbele ya watu. Wenye bili mezani kule kushoto, nitakaa mpaka ukumbi ufungwe. Leteni karatasi zenyewe, na nyuma yake pia, siyo picha ya bahasha.